Titi Lisilouma

Baba yangu hakuingia darasani hata siku moja, lakini kiwele cha ng'ombe alikijua kuliko padri alivyojua misa. Watu walimfuata kutoka mbali, wengine kutoka Kihanga, wakitembea tangu alfajiri ili waje kumwambia kwamba ng'ombe wao amevimba au anakataa kukamuliwa. Hakuwa mtu wa maswali mengi. Alimsogelea mnyama kwa ubavuni akimwimbia polepole, akapitisha mkono chini, akabonyeza, akanyamaza. Kisha akatoa hukumu: huyu mkandeni kwa samli na maji moto, yule mwacheni ndama wake anyonye mpaka achoke mwenyewe, na huyu mmechelewa, mchinjeni mle nyama. Nilimwonea fahari sana. Wenzangu baba zao walikuwa na redio na baiskeli, mimi baba yangu alikuwa na mikono.

Tulikaa Mabira, upande wa nyanda za majani. Siku hizi wanasema ni Kyerwa, wakati ule yote ilikuwa Karagwe na hakuna aliyejali. Babu na bibi walikuja huku na ng'ombe wao wakitokea Rwanda, wakakuta majani ya kutosha, wakabatizwa, wakabaki. Baba hakupenda jembe. Kibanja chetu kidogo cha migomba alikilima mama, na mama alimtania kwa hilo kila alipopata nafasi. Alikuwa akisema kwamba siku ya kiyama malaika watamuuliza baba kuhusu watu wake, naye atawajibu kuhusu mifugo. Baba alicheka mpaka akashika mbavu. Nawaeleza haya ili msije mkadhani ilikuwa nyumba ya ugomvi. Wazazi wangu walipendana, na hilo ndilo linalonifanya mpaka leo nishindwe kuisimulia habari hii bila hasira.

Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha. Sabuni ilikuwa adimu, sukari tulikuwa tunaisikia tu, na tulifulia nguo kwa majivu. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, nikarudi nyumbani nikiwa na jembe na kisirani. Mama alikuwa na mtoto mchanga, mdogo wetu wa mwisho, msichana mnene aliyenyonya kama anayelipwa. Halafu yule mtoto akaanza kukataa titi la kushoto. Alilishika, akalivuta mara mbili, akalitema na kulia. La kulia alinyonya bila shida.

Mama hakulichukulia kwa uzito. Alisema mtoto ana madeko kama baba yake. Lakini siku moja, akiwa anaoga, mkono wake ulikuta kitu kigumu ndani ya lile titi, kikubwa kama punje ya haragwe. Alimweleza baba jioni ileile, na mimi nilikuwa jikoni, ng'ambo ya ukuta wa matete, napalia moto. Kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Baba watoto, hebu njoo unitazame. Si wewe mganga wa viwele?"

Alilisema kwa utani. Kwetu sisi wafugaji, mwanamke kufananishwa na ng'ombe si tusi. Msichana mzuri husifiwa kwa macho ya ng'ombe na mwendo wa ng'ombe, na anayekasirika kwa hilo ni mgeni. Baba naye alijibu kwa utani, kwamba ng'ombe huyu ana mdomo mrefu kuliko wote aliowahi kukamua. Kisha wakanyamaza, nikajua amemshika.

"Hapa?"

"Hapo hapo."

"Nikibonyeza inauma?"

"Haiumi."

"Na hivi?"

"Haiumi hata kidogo. Ndiyo nashangaa."

Nikamsikia baba akishusha pumzi. "Basi," akasema, na sauti yake ilikuwa imejaa furaha. "Basi, mama watoto, hakuna ugonjwa hapo. Limekauka tu."

Lazima nieleze, maana hapa ndipo kila kitu kilipoamuliwa, na hakuna aliyejua kwamba kuna kitu kilichokuwa kinaamuliwa. Ng'ombe mwenye kiwele kibovu huonyesha. Ukimgusa anarusha teke, kiwele kina moto, maziwa yanatoka na damu au usaha. Huyo ndiye wa kukimbilia. Lakini kuna ng'ombe mwingine ambaye chuchu yake moja hukauka kimya kimya. Unabonyeza unakuta ndani kumekuwa kugumu, naye anacheua tu, hana habari. Ndama wake huiacha chuchu hiyo na kunyonya zile tatu. Ng'ombe wa namna hiyo huishi miaka, huzaa, hunenepa. Baba alikuwa naye mmoja zizini, na alikuwa mmoja wa ng'ombe wake bora. Mfugaji mzuri haendi kuchokoa chuchu iliyokauka. Akiichokoa anaweza kuleta ubaya pasipokuwa na ubaya.

Kwa hiyo baba alimtuliza mama, na mama akatulia. Mtoto alinyonya titi moja na kunenepa vilevile. Kila mara baba alipokumbuka aliuliza kama inauma, na kila mara mama alijibu kwamba haiumi, na wote wawili wakamshukuru Mungu. Walimshukuru Mungu kwa jambo lenyewe lililokuwa likimuua mama. Nikilifikiria hilo hadi leo natamani kuvunja kitu.

Mvua zilikuja, tukapanda maharage, tukavuna. Kile kitu hakikuwa tena punje. Mama alipoinua mkono kuanika nguo, niliona ngozi ya titi ikijivuta kwenda ndani, kama kitambaa ambacho mtu amekamata uzi wake upande wa pili. Chuchu nayo ilikuwa imezama. Nikamwuliza. Akaniambia ni uzee, nikizaa watoto wengi kama yeye nami nitaona. Hakuwa mzee. Baadaye alianza kuubeba mtungi kwa mkono wa kulia tu, na kwapani upande wa kushoto kulikuwa na vifundo viwili ambavyo alivifunika kwa khanga hata tukiwa wawili.

Palikuwa na mama mmoja wa Kirundi, mume wake kibarua katika mashamba ya watu, aliyekuwa akikaa nasi kanisani benchi moja. Siku moja baada ya ibada alimvuta mama pembeni. Sijui aliona nini, labda jinsi mama alivyokumbatia kitabu cha nyimbo upande ule. Alimwambia dada yake alikuwa na kitu kama hicho, na kwamba aende kwa daktari kabla hakijapasuka. Mama akamshukuru. Njiani kurudi nikamwambia mama twende kesho. Akasema tumsikilize kwanza baba.

Baba alikasirika, jambo lisilokuwa la kawaida yake. "Hospitali wataingiza kisu," alisema. "Chuchu kavu ukiipasua, kiwele kizima kinaoza. Nimeyaona hayo kwa macho yangu. Au mimi sijui ninachokisema?"

Nikamjibu. Msichana wa umri wangu hakumjibu baba yake, lakini mimi nilimjibu. "Tata, mama si ng'ombe."

Akasema kwa upole kabisa, "Na ni nani ninayemtunza kuliko ninavyowatunza ng'ombe?" Na ilikuwa kweli. Alimtunza kuliko wote. Kwa mikono yake alimpashia jani la mgomba motoni, akalipaka samli, akamwekea kifuani, asubuhi na jioni, na kama ng'ombe alikuwa akizaa zizini bado alikuja kwanza kumwekea mama jani lake. Mwanamume mzembe angemwacha aende zake, na huko kwenda zake labda angefika hospitali mapema. Mama alikuwa na bahati mbaya ya kupata mume mwema mwenye ujuzi.

Titi lilipasuka kiangazi. Kidonda kilianza kidogo, kikafunguka, kikatoa maji. Hakuna aliyelazimika kumwambia baba kitu. Aliingia ndani siku ile, akasimama mlangoni, akavuta hewa. Ile harufu aliijua. Alikuwa ameikuta mara nyingi katika mazizi ya watu waliomwita wakiwa wamechelewa, na kila mara alikuwa na neno moja la kuwaambia. Aligeuka akatoka, akaenda kumsimamia ng'ombe mmoja asiyekuwa na shida yoyote. Nilimwona kwa mbali ameuegemeza uso wake kwenye ubavu wa yule mnyama. Asubuhi alikuwa ameazima baiskeli ya jirani, akamkalisha mama nyuma juu ya blanketi, akaisukuma akitembea. Nilifuata nyuma na mtoto mgongoni. Barabarani tulipata lori lililobeba kahawa, likatufikisha hospitali ya misheni.

Daktari alikuwa kijana kutoka pwani, mwenye Kiswahili kinachoteleza. Mama alikuwa na Kiswahili cha sokoni na cha shikamoo, na baba hakumpita sana, kwa hiyo mimi nikawa mdomo wa pande zote. Daktari alitaka kujua umri wa mama. Nikauliza. Mama akasema alizaliwa mwaka ambao ng'ombe walikufa kwa ugonjwa, halafu ikaja mvua ya mawe. Daktari akamtazama usoni, akakisia mwenyewe. Alitaka kujua amezaa mara ngapi. Mama akanyamaza, kwa sababu kwetu watoto hawahesabiwi, kama ng'ombe wasivyohesabiwa. Ukiwataja idadi unakiita kifo kije kuhakikisha. Daktari akarudia swali, akidhani hakusikika. Ndipo baba akaanza kusema taratibu, akitazama sakafu, mmoja alizaliwa wakati yule ng'ombe mweupe alipopata pacha, mwingine wakati zizi lilipohamishwa, mwingine hakufungua macho, mwingine alifungua macho akafa wakati wa surua. Nilitafsiri. Daktari alikuwa akikunja vidole chini ya meza. Mpaka siku ile nilikuwa sijui kwamba mama alizika watoto wengi namna ile.

Aliuliza mengine. Hedhi ilianza lini, ilikuwa ikija bado, alinyonyesha kila mtoto muda gani, katika ukoo wa mama yake kuna aliyewahi kuugua hivi. Niliyatafsiri mambo ambayo mtoto hapaswi kuyasema mbele ya baba yake, tena mimi nikiwa ndiye kinywa cha wazazi wote wawili. Aibu ile niliimeza kama dawa. Kisha alimlaza mama, akaanza kumpima. Baba hakutakiwa kuwepo lakini hakuondoka, na daktari hakumfukuza. Alibonyeza titi kwa vidole vilivyonyooka, akijaribu kuusukuma ule uvimbe upande huu na upande ule. Haukusogea. Ulikuwa umeshikana na kifua. Akapanda kwapani, akakuta vifundo, akapanda hadi juu ya mfupa wa bega, akakuta kingine ambacho hata sisi tulikuwa hatujakiona. Nilimtazama baba. Alikuwa akiifuata ile mikono kwa macho, na vidole vyake mwenyewe vilikuwa vinacheza pale alipovishikilia mapajani. Ilikuwa mikono ileile, kazi ileile, taratibu ileile.

"Ilianza lini?" daktari akauliza.

Kabla sijatafsiri, baba akajibu kwa Kiswahili chake kilichovunjika. "Mimi nilishika. Mtoto huyu alikuwa hajaota jino." Akamwonyesha mtoto mgongoni mwangu, ambaye sasa alikuwa anatembea. "Mimi nilisema si ugonjwa. Haikuuma."

Nilikuwa nangoja daktari amfokee. Nilitaka amfokee, nasema kweli. Lakini alivua miwani akaifuta kwa koti lake. "Mwambie mzee," akaniambia, "hii ni saratani. Mwanzoni haiumi. Karibu akina mama wote wanaoletwa hapa huniambia hivyohivyo, kwamba haikuuma ndiyo maana hawakuja. Uvimbe unaouma mara nyingi ni jipu la kunyonyesha, hupona. Huu usiouma ndio wa kuogopa."

Nikatafsiri neno kwa neno. Baba akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaomba tena, na safari ile mama akanishika mkono akasema inatosha.

Wangeweza kulikata titi ili kuondoa kidonda na harufu, daktari alisema, ila mizizi ilikuwa imekwisha kwenda mbali na kisu hakingeifikia. Matibabu ya mionzi yalikuwa Dar es Salaam, na kwa hali aliyokuwa nayo asingefika. Mama ndiye aliyeamua. Alisema walikate, apate kukaa karibu na mtoto wake bila mtoto kuziba pua. Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa, hakutoa nyingine.

Tulirudi naye nyumbani na bandeji safi, na kwa muda akawa na nafuu, akacheka, akamfundisha mdogo wangu kupiga makofi na kuimba. Nyumba ilianza kudanganyika. Mimi sikudanganyika, na sikuzungumza na baba ila kwa lazima: chakula hiki, maji haya. Mama aliliona. Mchana mmoja akaniita nimkande mgongo, maana maumivu yalikuwa yamehamia kwenye mifupa. Sasa yaliuma. Yaliuma siku nzima.

"Unamchukia baba yako," akasema.

Niliendelea kumkanda.

"Aliniangalia, mwanangu. Nilimwita akaja, akashika, akafikiri. Unajua wangapi hapa kijijini hawajawahi hata kutazamwa? Dada wa yule mama wa kanisani alimwambia mumewe, mumewe akamwambia aache kelele. Wangu alikosea, lakini alikosea akiwa ananitazama."

Sikukubali. Mpaka leo sikubali yote. Ujinga wenye huruma unaua sawasawa na ujinga mwingine, na watu waliokuja msibani kutuambia ni mapenzi ya Mungu niliwaona kama wanaomsingizia Mungu. Lakini nilimkanda mgongo, na maneno yake nikayaweka.

Alikufa migomba ikiwa imekauka majani, asubuhi, wakati ng'ombe wanatolewa zizini. Baba alikuwa mlangoni na fimbo yake. Aliwaacha ng'ombe wakatawanyika hadi kwenye maharage ya majirani, na hakuna jirani aliyekuja kulalamika.

Baada ya hapo hakushika tena kiwele cha ng'ombe wa mtu. Watu waliendelea kuja kutoka Kihanga kwa muda, hawajasikia, au wamesikia lakini wana shida. Aliwakaribisha, akawapa maziwa, akasema hajui. Wakimsihi alirudia hilohilo, hajui. Hata ng'ombe wake mwenyewe walipovimba aliwaita vijana wakamwite bwana mifugo. Nilimhurumia, ila kwa mbali, kama unavyomhurumia mgonjwa wa nyumba nyingine.

Miaka ya tisini nilikuwa nimeolewa mbali, kijiji cha Ndama, nina watoto wangu, na mume wangu alikuwa shambani siku ile baba alipotokea uwanjani kwangu. Alikuwa amezeeka. Safari ile ni ndefu, na hakuwa na desturi ya kunitembelea, kwa sababu baba hazoei nyumba ya mkwewe. Nilimwamkia, nikampa kigoda, nikampa maziwa. Alikunywa yote. Nikaulizia ng'ombe, akasema wapo. Nikaulizia mdogo wangu.

"Amekua," akasema. Akazungusha kikombe mkononi. "Amekuwa msichana kamili. Hana mama wa kumwambia mambo."

"Nitakuja Jumapili, Tata. Nitamwambia."

"Umfundishe kujishika. Kama daktari alivyofanya. Umwambie asisubiri kuumwa."

Nikasema nitafanya hivyo. Nilidhani safari yake imekwisha, na tayari hilo lilikuwa kubwa. Kwetu baba hataji kifua cha binti yake. Akimkuta binti ananyonyesha hupita upande mwingine, na binti hujifunika hata kama kuna giza. Lakini hakuondoka. Aliinuka kwenye kigoda akiegemea fimbo, akaenda mpaka kwenye ukuta wa sebule, akanipa mgongo. Uso wake ulikuwa karibu kabisa na udongo wa ukuta.

"Na wewe jishike," akasema. "Sasa hivi. Mimi sikutazami."

"Tata..."

"Jishike, mwanangu."

Nikapitisha mkono chini ya kitenge. Nilivinyoosha vidole, nikazunguka, nikashuka, nikapanda. Upande wa kulia, upande wa kushoto. Kuku waliingia wakatoka. Baba alikuwa amesimama wima.

"Hakuna kitu, Tata."

Hakugeuka.

"Kwapani umefika?"

"Nimefika."

Akaegemeza paji la uso ukutani. Nikadhani analia, na labda alikuwa analia, kwa sababu aliposema tena sauti yake sikuijua.

"Anza tena," akasema. "Polepole."

Nikaanza tena.